Betri za Utepe wa Kijani

Tynset, 9 Novemba 2022

Mdogo wangu Eilif,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wawili na paka mmoja. Tu wazima, ikiwa uzima ni kuamka ukakuta kipimajoto cha dirishani kinasema kumi na tisa chini ya sifuri na mwezi wenyewe haujafika hata nusu. Baba anakula vizuri. Masikio yake ndiyo yamekwisha, kwa hiyo usijisumbue kupiga simu. Juzi ulipopiga alikaa na simu sikioni robo saa akitikisa kichwa, kisha akaniuliza nani alikuwa anapiga. Macho nayo yanaona mwanga na kivuli tu. Anataka barua ya karatasi, nimsomee mara mbili, ya kwanza kwa kahawa na ya pili baada ya taarifa ya habari. Ukumbuke hilo unapoandika. Kila neno lako linapita mdomoni mwangu.

Mwambie mkeo Hege soksi alizotuma zimefika, Baba anazivaa kila siku. Mimi nilimfumia za kijivu mwezi wa tisa, kwa sufu ya kondoo wa jirani niliyoichambua mwenyewe. Hizo ziko kwenye droo. Za dukani ndizo zimekuwa soksi.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita Baba alinitaka nimpeleke dukani. Akanunua betri mbili za drili, mpya, kubwa, zile ghali. Nikadhani ni za karakana, maana mimi ndiye ninayepanda mapaa ya watu hapa na betri ambazo nyingine zina umri wa kuanza shule. Tulipofika nyumbani akaomba utepe. Nikampa mwekundu, ambao ni wangu. Akaunusa, sijui utepe una harufu gani, akasema, "Huu siyo. Nipe wa kijani. Hizi za Eilif."

Basi zitakuja na lori la jirani yetu Asbjørn, anayepeleka mbao Bergen, karibu na kwenu, kila wiki mbili, kwa kuwa posta hawapokei betri zisizo ndani ya kifaa. Baba anasema nikuandikie haya, na ninaandika kama alivyosema: usiichaji betri iliyotoka kwenye baridi mpaka iwe na joto la kiganja chako. Ikitoka kazini ina moto, iache ipumzike kwanza. Usiitumie mpaka ikate roho. Na ikiwa haina kazi usiiweke imejaa wala tupu, iache na taa mbili za chaji kati ya nne. "Betri si kuni," anasema, "huiachi nje." Ananiambia hivyo kila jioni anapopapasa rafu ya ukumbini na kuzilaza moja moja juu ya viatu vyetu. Miaka ishirini na miwili nafanya kazi naye, na bado ananiambia.

Jambo la mwisho. Mbele ya Asbjørn amerudia kwamba siku atakayotimiza themanini na tano, tarehe mbili Mei, atasema karakana ni ya nani. Mimi sijamuuliza kitu. Wewe umemuuliza?

Dada yako,
Gunnvor


Askøy, 4 Desemba 2022

Dada Gunnvor, na wewe Baba unayesikiliza na kikombe mkononi,

Nawasalimu kutoka kwenye mvua. Imenyesha siku ishirini na sita bila kupumua, na Hege anasema akiiona suruali yangu nyingine imetundikwa jikoni atahamia kwa mama yake. Vinginevyo hatujambo. Mimi mgongo unaniuma kidogo, lakini huo ni urithi, kila mtu kwetu anao.

Asbjørn alifika Jumatano na sanduku. Baba, asante. Nilipozishika tu nilijua ni betri za namna gani. Zinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Nafunga paa la nyumba ya mapumziko huku kisiwani, mbao na skrubu mtindo mmoja, na sijasimama kwa ajili ya betri hata siku moja. Nazibeba kwenye kile kisanduku cha kutunzia chakula, juu nimeweka kipande cha blanketi. Huku adui si baridi sana, ni unyevu. Nikiingia nazo ndani naziacha humo humo kwenye kisanduku zipate joto polepole, zisitoke jasho kwenye vyuma. Kisha ndipo chaja. Uliyonifundisha bado ninayo.

Krismasi sitaweza kuja. Paa lazima lifungwe kabla ya dhoruba za mwaka mpya, na mwenye nyumba ananipigia simu mara nyingi kuliko mke wangu. Najua nilisema hivi mwaka jana pia.

Kuhusu ulichoniuliza, Gunnvor: hapana, sijamuuliza.

Wenu,
Eilif


Tynset, 19 Desemba 2022

Mdogo wangu Eilif,

Salamu kwenu wawili. Sisi hatujambo. Paka amekamata panya mmoja tangu Septemba na anajiona ameilisha nyumba. Baba ana mafua madogo, hayamzuii kusema.

Barua yako nimeisoma mara nne, si mbili. Alitaka lile la betri lirudiwe. Kisha akataka Asbjørn aje alisikie, na baada ya Asbjørn, mama wa posta, aliyekuwa amesimama mlangoni na theluji mpaka magotini. "Sikilizeni jinsi anavyozitunza," anawaambia. "Kwenye kisanduku, na blanketi juu. Huyo ni fundi." Mimi nilikuwa nimetoka kupigilia ubao wa nje wa shule katika baridi ya ishirini na sita. Hakuna aliyeuliza mimi nazibeba katika nini.

Sasa nieleze. Vizuri namna gani? Unapata skrubu ngapi kabla taa ya mwisho haijaanza kupepesa? Hakuna hata moja inayokata mapema? Nauliza kwa faida ya kazi tu.

Nitakusimulia na langu, maana hata nisipokusimulia yeye atakwambia. Alhamisi nilisahau betri mbili za utepe mwekundu garini tangu asubuhi. Nikaingia nazo, nikaipachika moja kwenye chaja papo hapo. Chaja ikawa inapepesa taa tu, haichaji. Ina akili kuliko mimi, inasubiri betri ipate joto. Mimi nikadhani imekufa, nikaitoa nikaitupa kwenye kikapu cha takataka. Baba akasikia mlio wa kikapu. Huyu asiyesikia simu alisikia betri ikianguka. Akaitoa, akaikumbatia chini ya sweta yake saa nzima kama kuku wa yai moja, akaichaji, ikajaa. Kisha akasema, "Eilif asingefanya hivi." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimekwisha kuoshwa.

Nasema wazi kwamba ninaona wivu. Sijui kama kwenu Askøy mnao ugonjwa huo.

Habari nyingine ni kwamba Baba ameanza tabia ya kwenda ghalani kila Jumamosi ninapokuwa dukani. Naona alama za fimbo yake kwenye theluji, kwenda na kurudi. Ukimuuliza, anasema anakwenda kuonja ule mguu wa kondoo wa kukausha, eti asije akaharibika. Mguu wenyewe tuliuweka kwa ajili yako. Natumaini ataumaliza. Na zile soksi zangu za kijivu hazimo tena kwenye droo. Nadhani amezigawa.

Krismasi njema. Viti vipo vitatu, tutakaa viwili.

Gunnvor


Askøy, 22 Januari 2023

Dada Gunnvor, na Baba,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka. Hege amepata kazi ya kudumu pale kwenye chekechea na tumeifurahia kwa kula samaki wa dukani badala ya samaki niliyevua mwenyewe, maana anasema wangu wana uchungu wa mtu aliyewavua. Dhoruba iling'oa choo cha jirani ikakiweka kwetu. Paa langu halikuguswa.

Baba, betri zako zimelifunga paa hilo. Nilimaliza tarehe ishirini na tisa. Skrubu ngapi, ameuliza Gunnvor. Sikuzihesabu, lakini zilitosha. Sasa kazi imepungua, nimezilaza kwenye kabati la ukumbini, mbali na jiko, taa mbili kila moja. Kila Jumapili nazitazama.

Wenu,
Eilif

Kikaratasi hiki kimekunjwa peke yake. Usimsomee Baba.

Gunnvor, tumboni mwa betri, mahali inapoteleza kuingia kwenye drili, kuna tarehe ya kiwandani. Hizi zinasema 2014. Moja imevunjika pembe. Pembe hiyo niliivunja mimi, nilipoiangusha kutoka juu ya paa la ukumbi wa mikutano, kiangazi cha mwisho nilichofanya kazi nanyi. Utepe wa kijani ni mpya, na chini yake kuna gundi ya utepe mwekundu. Zinafunga skrubu thelathini na tano kisha zinaomba msamaha. Nilishuka lile paa mara kumi na moja kwa siku kubadilisha, nikizipa joto kifuani, nikizipumzisha, nikizibembeleza. Nilikaribia kukosa kazi ile.

Sijamwambia Baba na sitamwambia. Angedhani nimezikataa. Nataka kujua tu nilikukosea nini.


Tynset, 26 Februari 2023

Mdogo wangu Eilif,

Tunakusalimu. Barua yako ilichelewa sana njiani. Hapa imefika thelathini na nne chini ya sifuri, na misumari ya ukutani inalia kama bunduki. Hongera kwa Hege.

Sehemu ya Baba nilimsomea. Kama kulikuwa na karatasi nyingine, jiko letu linakula karatasi nyingi majira haya.

Habari kubwa ni kwamba Baba ameanguka. Jumamosi ya wiki iliyopita, uani, kati ya nyumba na ghala. Nilirudi kutoka dukani nikamkuta ameketi kwenye theluji, fimbo iko kule, ameshikilia kifua cha koti lake kwa mikono miwili na hataki nimwinue kwa mkono. Nyonga imeumia, haikuvunjika. Daktari alisema kama asingekuwa amevaa vile vyuma vya kuzuia kuteleza tungekuwa tunaongea mengine. Nikamuuliza, "Mguu wa kondoo ndio wa kukuua?" Akaniambia nisifokee wagonjwa. Akataka aachwe dakika chache peke yake ukumbini. Nilipopita baadaye nikaikuta chaja ina joto na haina betri ndani. Nadhani kichwa nacho kimetikisika kidogo.

Hata kitandani anakutaja wewe. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemvalisha soksi, za Hege, na yeye anauliza kama kuna barua kutoka Askøy. Nikasema kesho siyo siku ya posta, siku hizi inaleta siku moja na kuruka moja. Akauliza tena jioni. Eilif, niseme mara moja kisha tusirudie. Miaka ishirini na miwili nimeshika ncha ya pili ya kila ubao aliobeba. Uliondoka una miaka thelathini na nne, na drili mpya aliyokununulia, na mpaka leo nikitoboa tundu lililonyooka anasema "kama Eilif." Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema. Kumbe ya mbali ndiyo inayosifiwa, ya karibu inachochewa moto.

Mei inakaribia. Watu wa hapa wanasema utakuja kuchukua karakana. Asbjørn ameshaniuliza kama utaniachia kazi yangu. Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Gunnvor


Askøy, 19 Machi 2023

Dada Gunnvor, na Baba wangu mgonjwa,

Pole sana, Baba. Nimesikia kwa Asbjørn kwamba unatembea tena mpaka dirishani. Ukae hapo. Theluji haina haraka na mguu wa kondoo hauna miguu mingine ya kukimbilia. Huku maua ya daisi yametoka na Hege ameanza kufungua madirisha asubuhi, jambo ambalo sikubaliani nalo. Betri zako ni nzima. Sina la kuongeza juu yake.

Mwanao,
Eilif

Hiki nacho ni chako peke yako, Gunnvor, na jiko lenu linakula karatasi, kichome ukishakisoma.

Sitauliza tena. Lakini kwa kuwa umesema lako, sikia langu. Unadhani mimi ndiye ninayependwa. Mimi ni mtu wa betri mbili katika miaka saba, tena si zile. Wewe una kahawa yake kila asubuhi. Akianguka, ni wewe unayemwokota. Akikasirika, ni wewe unayekasirikiwa. Mimi ananisifu kwa sababu hanijui tena. Amebaki na kijana mmoja kichwani anayebeba betri kwenye blanketi. Majuzi nilisoma habari za paka wenu nikamwonea gere paka.

Na karakana naitaka, usije ukasema sikukwambia. Nikipewa nitaichukua. Sitakataa ili nionekane mwema.

Eilif


Tynset, 7 Mei 2023

Mdogo wangu Eilif,

Leo salamu ni fupi, kwamba tuko hai na theluji imebaki upande wa kaskazini wa nyumba tu. Baba anajua naandika. Amesema hataki kusomewa, hii ni yangu na yako.

Jumanne walikuja watu kumi na wanane. Kulikuwa na keki mbili za krimu, na Asbjørn alikula kama aliyealikwa peke yake. Kiti chako kilikuwa kitupu. Sitakuficha kwamba nilikifurahia utupu wake kwa muda wa kikombe kimoja. Kisha Baba akasimama. Akatoa mfukoni ufunguo wa karakana, ule wenye kamba ya kiatu, akanyoosha mkono upande ambao sikuwepo, nikazunguka meza.

"Gunnvor, shika. Mkono umechoka kuubeba."

Akakaa, akauliza kama keki imebaki. Ndiyo hotuba niliyoingojea miaka ishirini na miwili.

Nilifurahi mpaka wageni walipoondoka. Baada ya hapo, kila nilipoushika ule ufunguo nilijiona mwizi. La kuvunda halina ubani, na mimi nilikuwa nimefukiza ubani tangu Novemba.

Sasa nakwambia lile unalolijua. Baba akiwa amejilaza mchana, nilibandua utepe wa kijani kwenye betri zako mpya nikaubandika kwenye zile kuukuu. Yeye nilimwambia zile kuukuu zimekufa, nimezirudisha dukani kwenye pipa la taka za umeme. Akasema, "Ahaa." Mpya nilizitia kwenye gunia la viazi, nikazificha ghalani nyuma ya pipa la unga. Sikuzitumia hata siku moja. Sikuzihitaji, nilitaka tu wewe usiwe nazo. Zilikuwa na taa moja moja. Nilijua vizuri kinachoipata betri ikiachwa na taa moja katika baridi kama ile kwa miezi sita. Nilijua kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Ijumaa nilikwenda kuzitoa. Nilikusudia kukuletea hata maiti zake na kukuomba radhi. Gunia lilikuwa pale pale, lakini fundo halikuwa langu. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na soksi mbili za kijivu, zile nilizofuma, na katika kila soksi betri moja. Nikabonyeza kitufe. Taa mbili. Nikabonyeza kwenye nyingine. Taa mbili.

Eilif, nilikaa kwenye ngazi ya ghala nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Zile alama za fimbo. Chaja yenye joto. Lile koti alilolishikilia kifuani akiwa ameketi kwenye theluji, akakataa mkono wangu. Kipofu wa miaka themanini na minne alivuka barafu Jumamosi baada ya Jumamosi, akazileta ndani kifuani, akazipa joto, akazitazamia taa zake kwa lile jicho la kivuli, akazirudisha, hata baada ya kuanguka, alipoweza kutembea tena. Alianguka kwa ajili ya betri zako nilizozificha mimi.

Nikaingia jikoni, nikaziweka mezani mbele yake na soksi zake. Ilibidi nimpigie kelele sikioni, kwa hiyo kama Asbjørn alikuwa nje amesikia yote.

"Baba, ulijua tangu lini?"

Akazipapasa. "Tangu ile ya pembe iliyovunjika ilipotoka kwenye rafu. Ile haikuwa imekufa. Macho ndiyo yamekufa, dole gumba bado."

"Na ghalani?"

"Nilikwenda kuonja nyama, nikajikwaa kwenye gunia la viazi. Viazi tunaweka chini ya nyumba, Gunnvor."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Nikamuuliza kwa nini alizirudisha kule kila mara, katika barafu ile. Angeziweka tu ukumbini na zile nyingine.

"Ndipo ulipoziweka," akasema. "Nilidhani una sababu zako na utazitoa ukiwa tayari. Lakini betri haina kosa. Huiachi ife kwa mambo ya watu."

"Na soksi zangu?"

"Ndizo zenye joto. Hizi za Hege ni pamba tu."

Nikamwambia, "Ulijua yote, ukanipa ufunguo."

Akakizungusha kikombe. Akasema, "Karakana ni yako tangu zamani. Nani mwingine? Nilidhani unajua. Eilif nampelekea betri kwa sababu huko aliko sina kingine ninachoweza kumfanyia." Kisha akauliza kama kahawa imebaki, nikammiminia.

Asbjørn anakuja kwenu Alhamisi. Betri zako zimo kwenye soksi. Utepe wa kijani wa mwanzo uko kwako kwenye zile kuukuu, kwa hiyo Baba amefunga mwingine mwenyewe, umekaa upande. Sikuombi usahau. Nilikushusha paani mara kumi na moja kwa siku na ningeweza kukuua. Nisamehe ukiweza, usipoweza niandikie hata hivyo. Anasubiri barua, na mimi nasubiri.

Dada yako,
Gunnvor


Askøy, 21 Mei 2023

Dada Gunnvor, na Baba,

Nawasalimu wote wawili na paka. Hii msomee yote, hakuna kikaratasi.

Betri zimefika. Jana nilifunga skrubu mia mbili na kumi bila kushuka, nikajikuta nimekaa juu ya paa sina la kufanya. Nimezoea kushuka.

Karakana nimeisikia. Nilikasirika siku mbili, Hege ni shahidi, na bado kidogo. Wivu nao sitadanganya kwamba umekwisha. Zamani nilimwonea gere paka, sasa nalionea gere gunia la viazi. Mzee alitembea majira yote ya baridi kwa ajili ya kitu changu na mimi sikuwepo hata kumshika mkono. Wewe ulikuwepo, ukadhani anafuata nyama. Sijui nani kati yetu amepata zaidi, na nimechoka kupima. Nimekusamehe paa, Gunnvor. Zile kuukuu sizirudishi, tumezoeana.

Asbjørn anarudi huko Jumatatu na nimempa soksi moja. Ndani yake kuna betri moja kati ya zile mpya za utepe wa kijani. Haijaharibika. Nimeitumia mpaka ikabaki na taa moja, nikaiacha hivyo kwa makusudi, kwa hiyo Baba ana kazi ya kufanya. Awe anaiangalia kila Jumamosi. Lakini iwekeni ukumbini, juu ya viatu, asije akavuka uwanja tena.

Soksi ya pili na betri yake ninazo hapa. Septemba nakuja kuichukua hiyo nyingine, mwenyewe. Nimeshamwambia mwenye paa linalofuata asinitegemee mwezi huo.

Eilif